Uji wa Marta

Magamba,
S.L.P. 41,
Mpanda.

19 Novemba 1995

Mpendwa Binamu Yohani,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Magamba. Hujambo wewe, hajambo shemeji, hawajambo watoto? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya huko Makambako, kimepoa? Ukijibu usiache kunieleza, maana shemeji alituandikia kwamba huwa unaficha ugonjwa mpaka uanguke.

Sisi miili yetu ni mizima. Mvua za kwanza zimenyesha, miche ya tumbaku iko kitaluni, na mahindi ya kando ya mto yameshachipua. Kwa kawaida barua ya kwako ningeianza kwa kukutukana kidogo, kama mtani anavyostahili. Leo kalamu haitaki. Utanisamehe.

Salamu zako za rambirambi zilifika kabla ya mazishi, na zilisomwa mbele ya watu. Uliuliza swali moja: Kaka Alois alikuwa ameanza mazoezi, mlituandikia anapata nafuu, sasa imekuwaje? Simu ya maandishi ya posta haina nafasi ya kujibu swali kama hilo. Nimesubiri mpaka niweze kuliandika lote.

Pamoja na hilo, Marta, mke wa Silvester wetu, ameondoka nyumbani. Kuondoka kwake kumetokana na kifo hiki hiki cha baba mkwe wake. Nimefungua shajara yangu ya mwezi wa sita nianze mwanzo, ili usije ukapata habari hizi kwa watu zikiwa zimepindishwa.

Kaka alianguka tarehe 24 Juni, sikukuu ya somo wako. Alikuwa kambini porini upande wa Inyonga, anarina asali kwenye mninga mrefu, kamba ikakatika. Wenzake walimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani, wakapata lori la mbao lililomfikisha hospitali ya Mpanda. Daktari alisema uti wa mgongo umevunjika. Kuanzia kiunoni kushuka hakusikia kitu, na haja zote zilimtoka bila yeye kujua.

Daktari hakutudanganya. Alisema Alois hatatembea tena, ila anaweza kuishi miaka mingi akiwa amekaa kwenye baiskeli ya walemavu, akachonga mizinga, akaongoza nyumba yake. Sharti lilikuwa moja. Kulala chali kulikuwa kumeshamtoboa kidonda juu ya makalio, na mtu hawezi kukalia kidonda. Kizibe kwanza, ndipo apelekwe hospitali kubwa kufundishwa kukaa.

Hapo ndipo tulipomfahamu Thacienne. Ni binti wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972 yeye akiwa mgongoni. Kazi yake pale hospitalini ni lishe ya wagonjwa. Mimi nilidhani hospitali ni sindano na vidonge, sikujua kama yupo mtu aliyesomea kuangalia sahani ya mgonjwa. Nilimuuliza chakula kinahusiana vipi na mgongo uliovunjika. Akanijibu, "Dawa inafukuza wadudu tu, baba. Nyama ya kuziba lile shimo haitoki kwenye chupa. Inatoka kinywani mwake."

Akatupangia: maharage kila siku, mayai, dagaa wa Karema waliotwangwa, papai, maji mengi, na uji wa mtama wenye karanga uwe mzito. Kwa kuwa Alois asingeweza kusimama kwenye mizani, alimpima unene wa mkono kwa utepe kila Jumatatu.

Tukakaa kikao cha ukoo kuamua nani akamuuguze. Mkewe, kama unavyokumbuka, alishatangulia. Wanaume walikuwa kwenye masoko ya tumbaku. Mimi nina kazi ya ukarani kwenye chama cha msingi. Wote tukasema Marta. Amemaliza darasa la saba, ataelewa mafundisho ya lishe, mpishi mzuri, mvumilivu. Hakuna aliyepinga. Tulikuwa tunafikiria chakula kitakavyoingia, Yohani. Hakuna aliyefikiria kitakavyotoka.

Unajua kwetu mkwe ni mtu gani. Miaka yote tangu Marta aolewe, sikuwahi kumwona yeye na Kaka wakila chumba kimoja. Akimpelekea maji ya kuoga aliyaweka chini, akageuka, akaondoka. Kaka akitaka kupita uani alikohoa kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, nao waliipenda.

Wodini mhudumu wa kiume alikuwa mmoja, na vitanda vimejaa. Asubuhi alimsafisha yeye. Mchana kutwa, nguo zikichafuka, kazi ikawa ya Marta. Hakulalamika. Jirani wa kitanda, Mzee Shadrack, mfugaji wa Kisukuma kutoka Majimoto aliyevunjika paja, alinisimulia baadaye kwamba siku ya kwanza Kaka alijifunika shuka usoni, na hakulifunua mpaka jua lilipozama.

Mimi nilikuwa naenda Jumamosi na Jumapili kwa baiskeli. Siku hizo namsafisha mwenyewe, naye anakula kama nzige. Nilirudi Magamba nikiwa na furaha. Lakini kila Jumatatu utepe wa Thacienne ulionyesha mkono umepungua, na kidonda kinapanuka.

Thacienne alimwita Marta apike mbele ya macho yake. Akaona karanga zimo, mayai yamo, uji mzito kama alivyofundisha. Na bakuli lilirudi tupu kila mara. Akachanganyikiwa. Alimwomba daktari ampime Kaka minyoo, kifua kikuu, sukari. Hawakuona kitu.

Kisha dada yetu Christina alikwenda kumwona siku ya Jumatano, akabaki mpaka Jumapili. Unamjua Christina, jicho lake halipitwi na kitu. Akaona Jumatano na Alhamisi ndugu yake hagusi uji, na Jumamosi nilipofika anaomba aongezewe. Akamfuata Marta kwenye kibanda cha kupikia, mbele ya wanawake wengine.

"Mbona akija Damiano, kaka yangu anakula, akibaki na wewe hali? Unamtilia nini?"

"Shangazi, napika, napeleka, bakuli linarudi tupu. Zaidi ya hapo sijui."

"Tupu limeingia tumbo la nani? Mayai yote hayo! Nawe shavu linang'aa!"

Marta hakuwa na shavu la kung'aa. Alikuwa amekonda karibu kama mgonjwa wake. Lakini maneno yakishatoka kibandani hayarudi. Yalifika Magamba kabla ya Christina mwenyewe.

Thacienne ndiye aliyegundua nusu ya kwanza ya siri hiyo. Alikuwa anapita vitandani akasimama kwa Mzee Shadrack.

"Wewe mzee umefungiwa mawe ya kuvuta mguu, hutembei, na ndugu zako wanakuletea ugali na mlenda. Unanenepa na nini?"

Mzee akaona haya. "Sista, jirani akikupa chakula utakataa? Mimi nilidhani ni upendo."

Wodi nzima ikacheka. Kaka Alois aligeuza uso ukutani. Thacienne akavuta kigoda, akamuuliza taratibu kwa nini anagawa uhai wake. Jibu likawa moja tu: "Sina njaa." Aliniuliza na mimi. Nikasema Kaka ana njaa ya kutosha, nimemwona Jumamosi. Yeye na utepe wake, mimi na shajara yangu, hakuna aliyejua sababu.

Sasa nifike kwa mdogo wako Laurence. Najua umemkasirikia tangu aliposhindwa kurudisha cherehani ya mama yenu, na hapa kwetu wengi walimhesabu kuwa mlevi tu. Hata kwenye kile kikao hakuitwa. Alisikia habari kwa wachoma mkaa, akadandia lori kutoka Inyonga, akaingia wodini tarehe 26 Agosti, siku ya Jumamosi nilipokuwepo, huku pombe ya jana inanukia.

Hakusalimia. Alisimama miguuni pa kitanda, akaita kwa sauti, "Mtumwa wangu! Nani amekupa ruhusa ya kulala mchana?"

"Nimevunjika, mjinga wewe."

"Umevunjika mgongo. Na mdomo nao? Mbona umekonda kama kuku wa mjane?" Akanusa. "Tena unanuka kuliko fisi. Leteni maji, nimwoshe mtumwa wangu kabla sijamuuza!"

Yohani, Kaka alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipoanguka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza kutoka hayakukoma, na kicheko kikaisha kikabaki kilio. Laurence akaketi kitandani, akamshika kichwa. Ndipo Kaka akamweleza mtani wake neno ambalo asingelitamka kwangu, wala kwa daktari, wala kwa padri.

"Nikila, yule binti lazima anifunue. Mke wa mwanangu. Nisipokula, kunakuwa hakuna cha kusafisha. Jumamosi nakula kwa sababu Damiano yupo."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza.

Laurence hakurudi Inyonga. Alilala chini ya kile kitanda mpaka mwisho. Kila asubuhi na kila jioni alimsafisha, akimtukana toka mwanzo hadi mwisho. "Makalio yenyewe ndiyo haya? Nawe ulikuwa unayaringia ngomani!" Kaka anajibu, "Osha, acha maneno. Mtumwa hasemi akiwa kazini." Sijui kama alionja pombe siku hizo. Mimi sikumwona.

Na Kaka akala. Alikula uji wa Marta mpaka anafuta bakuli kwa kidole. Utepe ukaanza kuonyesha mkono unanenepa, ngozi ya pembeni mwa kidonda ikawa nyekundu safi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaanza kumfundisha kujiinua kwa mikono. Barua niliyokuandikia kwamba anapata nafuu niliiandika wakati huo. Sikukudanganya. Ndivyo tulivyoona.

Lakini alitufunga kwa kiapo, mimi, Laurence na Thacienne. "Marta asiambiwe. Akijua kwamba nilikimbia mkono wake kwa kujishindisha njaa, hataweza kunitazama tena, na nitarudi kuishi kwenye nyumba anayopika yeye." Thacienne hakupenda. Alisema mpishi naye ni mmoja wa watu wanaomponya mgonjwa, ana haki ya kujua. Kaka akamsihi mpaka akakubali.

Basi Marta akaambiwa tu: wewe pika, Laurence atapeleka, usifike kitandani. Alinifuata kwenye lango la hospitali, akapiga goti kama desturi, macho chini.

"Baba mdogo, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

Mimi pia ni mkwe wake. Ningeanzia wapi kumwambia habari ya uchi wa baba mkwe wake? Akainuka akarudi jikoni. Fikiria sasa alivyoona yeye: siku ileile alipoondolewa kitandani, mgonjwa akaanza kula. Na watu wakaona hivyo hivyo. Christina alisema, "Si niliwaambia?"

Mwishoni mwa Septemba homa ikapanda, ikakataa kushuka. Daktari alichimba kidonda, akakuta kilishafika kwenye mfupa zamani, katika zile wiki za njaa, na sumu yake imeingia kwenye damu. Juu kilikuwa kinaziba, chini kinaoza. Kaka alifariki Alhamisi, tarehe 5 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa Laurence. Marta alikuwa kibandani anakoroga uji.

Thacienne alikuja kuzika. Alisimama karibu nami makaburini, akasema, "Chakula kilikuja, baba, lakini kilichelewa njiani." Aliniambia kwamba sasa, mgonjwa wa mgongo akilazwa, hamuulizi tena kwanza anapenda kula nini. Anauliza: nani atakayekusafisha, na je, unaweza kumwachia? Alilia aliposema hivyo, maana alijiona amepima kila kitu isipokuwa hilo.

Siku ya kuanua matanga tulikaa uani, ukoo mzima. Christina akasimama. Akasema ndugu yake ameuawa na njaa akiwa na mpishi, na nyumba isiyomlisha baba haiwezi kuachiwa wajukuu wake. Marta arudishwe kwao Kibaoni. Silvester aliinamisha kichwa. Hakumtetea, kwa sababu hakujua la kumtetea. Baadhi ya wazee waliitikia. Mimi nilishikilia kile kiapo.

Laurence akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, kama watani wanavyofanya siku hiyo, na watu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. Akajilaza mkekani katikati ya uwanja, chali, miguu imekufa. Akajivuta shuka mpaka machoni. Akasema kwa sauti ya Kaka, ile ya puani:

"Mimi Alois, simba wa pori! Sikuogopa nyuki, sikuogopa chatu, namwogopa msichana mwenye bakuli! Mkwe wangu, uji wako mtamu, naumezea mate. Lakini nikiumeza utanifunua makalio! We Msukuma, njoo unisaidie kula! Kula, kula upesi, anakuja!"

Watu walicheka kwa nguvu. Kisha kicheko kikapungua upande mmoja, kikapungua upande mwingine, kila mtu kwa wakati aliofahamu kilichosemwa. Mwisho kikakoma, na Laurence bado amejifunika shuka, na shuka linatikisika.

Marta alikuwa mlangoni mwa jiko. Hakupiga goti, hakutazama chini. Alitutazama sote usoni.

"Kumbe mlijua," akasema. "Angeniambia. Ningefumba macho. Ningemsafisha nimefumba macho."

Christina alimwendea akiwa amenyoosha mikono, akaishia njiani. Marta aliniangalia mimi. "Baba mdogo, langoni uliniambia sijakosa. Mbona ukaniacha nibebe sufuria na maneno ya watu mpaka amekufa?"

Ukoo ulimwomba radhi palepale, na Christina akasema hadharani kwamba alikosea. Wazee walisema abaki kwa heshima zote. Siku ya pili alifunga nguo zake. Hakufukuzwa na mtu, Yohani. Alisema anakwenda kwa mama yake kupumzika, na akaomba asisindikizwe. Watoto amewaacha, maana bado wanasoma.

Silvester amekwenda Kibaoni mara mbili. Mara ya kwanza mkwewe alimkaribisha vizuri, Marta hakutoka ndani. Mara ya pili alitoka, akamsalimia, akamuuliza watoto wanakula nini, akarudi ndani.

Ombi langu ni hili. Mwezi wa kumi na mbili utapata likizo. Njoo, umchukue Laurence, mwende nyie wawili Kibaoni mkaseme naye. Sisi tulionyamaza hatuna mdomo wa kumpelekea, na nyie ni watani, mnaweza kuingia nyumba yenye hasira. Lakini mfariji kwanza mdogo wako. Tangu siku ile ya koti anakaa kwenye kibaraza changu, haongei. Juzi nilimwita mtumwa, nikitaka anijibu. Alinitazama tu, akatabasamu kidogo kwa adabu, kama mgeni.

Nyumbani kwa Silvester anapika mwenyewe. Watoto wanamuuliza mama anarudi lini, naye anawajibu, keshokutwa. Jana jioni nilipita pale, mdogo wao akauliza tena, na kabla baba yake hajajibu, mkubwa akamjibu kwa niaba yake: keshokutwa. Wakaendelea kula.

Mama Mdogo Monika anakusalimu, na anasema usali rozari kwa ajili ya Alois. Christina anakusalimu, ingawa aliniambia nisiandike jina lake, anaona aibu. Nisalimie shemeji na watoto wote, na yule mzee mwenye nyumba wenu. Mungu akufungulie njia ya kuja, akulinde barabarani, na akupe maneno utakapofika Kibaoni, maana mimi yangu yamekwisha.

Wako akupendaye, binamu yako katika furaha na katika msiba huu,

Damiano